Dubu Juu ya Kobe wa Mama Thomas

Vijana wa karakana, mmesema niandike kabla sijasahau. Nimewaelewa. Mnataka kujua nilikoficha sindano nzuri. Ziko kwenye kopo la biskuti, rafu ya juu, nyuma ya nyuzi za dhahabu. Waliotaka hilo tu waishie hapa, wasije kusema nimewapotezea muda.

Wengine kaeni. Mimi Bakari, fundi darizi, nimeshona nembo hapa Jules Street, Malvern, kwa miaka thelathini na minne. Nimeshona beji za shule, za kwaya, za timu za mpira, za walinzi wa maduka, na ngao za watu binafsi wanaotaka ukoo wao uonekane ukutani. Sitaandika nilipandishwa cheo lini. Karakana yetu ina vyeo viwili tu, anayeshona na anayelaumiwa, na mara nyingi nimevishika vyote kwa pamoja. Mshahara nao tuuache, nisije kuwakatisha tamaa mapema.

Nilitoka Tanga na kofia saba za kushona kwa mkono, zile za vitobo, nikidhani Johannesburg watu wanatembea vichwa wazi. Sita nilimaliza kuziuza Mayfair, nje ya msikiti, Ijumaa mbili. Ya saba niliivaa kichwani siku nilipoona kibao cha "Fundi Darizi Anatakiwa" kwenye dirisha la Tannie Hester. Tannie ni shangazi kwa Kiafrikana, na kila mtu alimwita hivyo, hata waliomzidi umri. Alikuwa mama mfupi, miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani, na kutwa nzima alikuwa akitafuta wa tatu.

Hakuniuliza vyeti. Alinyoosha mkono akaivua kofia yangu kichwani, akaigeuza, akatazama ndani. Nje hakutazama kabisa. Akapitisha kidole kwenye mishono kwa nyuma, akitafuta fundo, akakosa.

"Nani alikufundisha?" akauliza.

"Nimejifunza mwenyewe," nikasema.

Ulikuwa uongo. Kofia nilifundishwa na mama yangu, barazani kwetu Chumbageni, tangu sijaanza shule. Lakini nilikuwa kijana, nimevuka mipaka kadhaa kwa basi, na niliona aibu mwanamume mzima aseme ametumwa mjini na sindano ya mama yake. Tannie alinitazama kidogo, akanirudishia kofia, akasema nianze kesho. Uongo ule nikaendelea nao, maana kila aliyeniuliza baadaye nilimjibu vilevile, hadi nikawa nauamini.

Kesho yake alinipa beji ishirini za shule fulani, simba mwekundu kwenye kitambaa cha njano. Nikashona ishirini. Zilikuwa nzuri, nasema mwenyewe kwa kuwa hakuna mwingine aliyesema. Ila kwenye karatasi simba alikuwa anatazama kushoto, na mimi niliona kulia anakaa vizuri zaidi, basi nikamgeuza. Tannie akazipanga mezani, akavua miwani.

"Ngao ina mtu nyuma yake, Bakari. Huyo mtu ameishika. Kulia ni kulia kwake, si kwako unayetazama. Simba anatazama kulia kwa mwenyewe, anakwenda vitani. Wewe umenishonea simba ishirini wanaokimbia."

Akaniwekea mbele kifumulio, kile kijiti chenye ulimi wa chuma wa kukatia nyuzi. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kufumua kabla sijajifunza kushona kwake: kata nyuma, vuta mbele, sugua kitambaa kwa ukucha, piga mvuke vitundu vizibe. Nilifumua simba kumi na tisa. Wa ishirini ni yule aliye juu ya swichi ya taa, mnayemuuliza kila siku anakwenda wapi. Anakimbia vita.

Tannie alikuwa na sheria tatu. Ya kwanza ndiyo hiyo ya kulia. Ya pili, rangi isikae juu ya rangi, wala dhahabu isikae juu ya fedha, maana mtu akisimama upande wa pili wa barabara haoni kitu. Ya tatu ilikuwa kwenye fomu yake, ile karatasi ya mteja: jina la baba, jina la babu, mnyama wa ukoo wa baba, na chini kabisa mstari mmoja wa "mengineyo". Cha baba kinakaa katikati ya ngao. Mteja aking'ang'ania na cha mama, kinawekwa chini, kidogo, pembezoni pa macho. Nami sikuona ubaya. Kwetu naitwa Bakari wa Shehe wa Omari, baba na babu. Wateja wetu wa Kisotho na Kitswana walikuja na mamba, simba na nyani wao, wote wa upande wa baba. Fomu ilitosha kila mtu niliyemjua.

Kesi ngumu zilikuwepo. Wakongomani wanne walifungua kampuni ya ulinzi wakataka beji yenye tai, simba, ufunguo, Biblia na mbwa. Nikawaambia beji ni pana kama kiganja. Wakajadiliana kwa Kifaransa muda mrefu, kisha msemaji wao akasema sharp, yaani sawa, basi mbwa alale. Mwenyekiti wa chama kimoja cha mazishi alitaka jua linalochomoza, na mke wake akasema linaonekana linazama, tukabishana wiki mbili hadi nikaongeza jogoo. Siku hizo Tannie alikuwa amezeeka, anakuja Jumatatu tu kukagua migongo ya kazi zetu. Kisha akafariki, Mungu amrehemu kwa namna anayojua Yeye, na fomu yake ikabaki mezani. Hatukuibadilisha hata nukta.

Aliyekuwa nami muda mrefu kuliko wote mnamjua, ni Mama Chanda, pale kwenye cherehani ya dirishani. Ametoka Lubumbashi, Mbemba wa Katanga, anashona pindo na bitana, anaimba nyimbo za kanisani kwa pua. Hadi kisa ninachotaka kuwasimulia, tulikuwa tumekaa chumba kimoja miaka kumi na tisa. Nilijua anapenda chai bila maziwa na hapendi siasa. Nilidhani hayo yanatosha.

Sasa nifike kwa Thomas, ambaye ndiye sababu ya barua yote hii.

Thomas aliingia Jumatatu moja na kofia ya kazi kwapani, mrefu, nywele kasuka mkia mmoja mgongoni. Kazi yake ilikuwa kufunga vyuma vya maghorofa, kule Sandton. Akasema yeye ni Mmohawk, taifa mojawapo la wenyeji wa asili wa Amerika ya Kaskazini, na kwao ni Kanada, kando ya mto mkubwa. Wenyewe wana jina lao, ambalo alinifundisha mara tatu, na mara tatu nikalipoteza kabla sijafika kwenye robot, zile taa za barabarani za kona. Watu wa kijiji chake wamefunga vyuma vya maghorofa tangu babu za babu zao. Alikuja kwa mkataba wa mwaka mmoja, akampata Lerato, mwalimu wa Soweto, na mkataba ukawa wa maisha.

Alitaka bendera ya ukutani ya harusi, yenye ngao yake mwenyewe. Akasema kwao kuna ofisi ya serikali inayosajili ngao za watu, na anajua huku pia ipo, lakini hakutaka mhuri. Alitaka kitu ambacho mama yake atakishika mkononi. Mama alikuwa anapanda ndege kwa mara ya kwanza, peke yake, kuja kumwoza.

"Mama yangu hajasema ndiyo," akaniambia. "Hajasema hapana pia. Amesema atakuja kuona. Akiona mwanawe amewasahau watu wake, atageuza. Hatakaa kwenye harusi. Sitanii, namjua."

Mimi nikamwambia asijali, amefika kwa fundi. Nakumbuka nilivyolisema, nimeegemea meza, kama mtu mwenye akili.

Tukaanza na kofia ya chuma, maana Tannie kila ngao aliiwekea kofia ya vita juu. Thomas akakataa, watu wake hawakuvaa kofia za chuma.

"Hii je?" nikaonyesha ya kwapani.

Akacheka. Tukakubaliana juu iwekwe spana yake ya kazi, ile yenye mkia uliochongoka, ambao wafunga vyuma huuchomeka kwenye matundu mawili ili yalingane. Kwa pindo alinionyesha picha ya mkanda wa shanga za magamba ya kombe, mweupe wenye mistari miwili ya zambarau inayokwenda sambamba. Akasema ule mkanda ni ahadi ya zamani baina ya watu wake na wageni: kila mmoja na njia yake, pamoja, hapandi mmoja juu ya mwenzake. Nikasema hiyo kwa harusi inafaa sana. Kisha nikampa fomu.

Akajaza. Mnyama wa ukoo wa baba: dubu. Kwenye "mengineyo" akaandika: kobe, kwa mama. Nikasoma, nikaona yote yamekamilika. Dubu katikati, mkubwa, amesimama kwa miguu minne, anatazama kulia kwa mwenye ngao. Kobe chini, mdogo. Kobe mwenyewe huyo anaishi majini lakini si kasa, nikamwita kobe ili kazi iendelee. Nikamtumia Thomas mchoro kwa simu. Alikuwa juu ya chuma, ghorofa sijui ya ngapi, akajibu kwa kidole gumba. Baadaye alikiri aliona wanyama wote wawili wapo, akafikiri mambo ya ngao ndivyo yalivyo.

Nilimshona yule dubu wiki tatu. Nilitumia kahawia nne tofauti. Manyoya ya shingoni nilishona mshono mmoja mrefu mmoja mfupi, upepo ungeweza kupita. Sijawahi kushona mnyama mzuri kama yule, na ninawaambia hivyo nikijua ninachokuja kusema.

Mama Thomas alikuja karakana Jumanne, harusi ikiwa Jumamosi. Mwanawe alimleta, akamtambulisha, akatutambulisha. Mama wa makamo, kajitanda shali ya zambarau, macho makali, hana maneno mengi. Nikamkaribisha kiti, akasema atasimama. Nikaifunua bendera mezani taratibu, kama tunavyofanya kwa wateja wakubwa, pindo kwanza. Akauona mkanda wa shanga, akatikisa kichwa kukubali. Akaiona spana, akatabasamu kidogo. Nikafunua katikati.

Akainama, akasogeza uso karibu na kitambaa. Nilidhani ni furaha.

"Huyu nani?" akauliza.

"Dubu, mama," nikasema. "Wa upande wa baba yake."

"Namjua. Nilimtoa nje ya nyumba yangu miaka ishirini iliyopita, na viatu vyake nikaviweka kizingitini. Amerudije?"

Thomas akasema, "Mama."

"Na huyu anayemkanyaga ni mimi?"

Nikatazama. Wallahi nilikuwa nimetazama kitambaa kile wiki tatu na sikuwa nimeona. Mguu wa mbele wa dubu, wenye kucha nilizozitia uzi wa fedha, ulikuwa umetua sawasawa juu ya gamba la kobe. Na kobe, kwa kuwa nilimshona mdogo, alionekana kama anaomba msaada.

Akaniambia taratibu, kama mtu anayemweleza daktari mahali panapouma. Kwao mtoto ni wa ukoo wa mama. Yeye ni kobe, mama yake kobe, na Thomas ni kobe, hajawahi kuwa dubu hata siku moja. Baba anapendwa, anaheshimiwa, lakini nyumba ni ya mwanamke, na ukoo unapitia kwake. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Sikuvuka bahari kuja kukaa chini ya huyu. Kikitundikwa kitambaa hiki, mimi Jumamosi nitakuwa uwanja wa ndege."

Akatoka nje. Thomas alibaki amesimama, mkono juu ya bendera. Mtu mzima, kazi yake ni kutembea juu ya chuma chembamba mawinguni, na alikuwa anautazama mlango kama mtoto aliyeachwa sokoni. Akasema si kosa langu, fomu iliuliza, naye akajibu kilichoulizwa. Maneno hayo yaliniuma kuliko angenitukana. Nikasema nitafumua. Akaniuliza kama siku tatu zinatosha. Nikasema zinatosha, na nilikuwa sijui.

Alipotoka, cherehani ya dirishani ikanyamaza.

"Muzee Bakari," Mama Chanda akasema kwa Kiswahili cha kwao, ambako "njo" ni "ndiyo", "kwetu pia mutoto anafata mama. Ukoo ni wa mama. Njo vile."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Uliniulizaka?"

Miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemwona akikunja pindo la yule dubu, na nikakumbuka alivyotikisa kichwa. Nilidhani anaimba.

Akanyanyuka, akajitanda kitenge chake vizuri, akatoka barabarani. Kupitia dirishani nikamwona anamfikia Mama Thomas pale kwenye spaza, kile kiduka cha mtaani, wanasimama. Mama Thomas alikuwa na Kifaransa kidogo cha majirani wa kwao, na Mama Chanda ana Kifaransa cha Lubumbashi, na kati yao walikipata kimoja kibovu kilichowatosha. Mikono ilikuwa inazungumza zaidi. Mara wakaanza kucheka, na wote wawili wakageuka wakanitazama dirishani. Nikajifanya natafuta uzi.

Walirudi pamoja. Mama Thomas safari hii akakaa.

"Huyu mama anasema una mkono mzuri na kichwa kigumu," akaniambia.

"Vyote ni kweli," nikasema.

Akaivuta bendera. Akasema kobe kuwa chini si tusi hata kidogo. Hapo mwanzo kulikuwa na maji matupu, mwanamke akaanguka kutoka mbinguni, wanyama wakahangaika watamweka wapi, na kobe ndiye aliyetoa mgongo wake. Nchi yote hii tunayoitembea imeota juu ya mgongo huo. "Kobe anabeba," akasema. "Swali ni anambeba nani. Huyu hapana."

Tukakubaliana: dubu atoke, kobe akuzwe hadi ajaze chini yote ya ngao, na juu ya mgongo wake usimame msonobari mweupe, mti wa amani wa watu wake, wenye kivuli cha kukaa kila mtu. Akanionya kuhusu majani yake, yale membamba kama sindano, kwamba yanatoka matano matano kwenye kila kikonyo. Matano, si manne.

Jumatano tukaanza kufumua, mimi na Mama Chanda, uso kwa uso, fremu katikati. Dubu wa kahawia nne hatoki kirahisi. Ukikata kwa haraka unatoboa kitambaa, na kitambaa kikitoboka hakuna msonobari duniani wa kuficha. Saa nne umeme ukakatwa, zamu yetu ya mgao, tukasogeza fremu dirishani. Mama Chanda akaanza kunihadithia ukoo wake, mama na mama wa mama, majina yakishuka kwa utaratibu, naye anakata nyuzi bila kutazama. Nikamuuliza anayajuaje yote hayo.

"Nitakosaje kuyajua? Njo mimi hayo." Akakata uzi. "Na wewe, mama wa mama yako nani?"

Nikamwambia tufumue, muda hautoshi.

Alhamisi jioni kichwa kilikuwa kimetoka, mgongo umetoka, mkia umetoka. Ulibaki mguu mmoja, ule wa mbele wenye kucha. Uzi wa fedha nilikuwa nimeupitisha mara mbili, kwa maringo, na kila nilipouvuta kitambaa kilianza kulia. Nikajaribu mvuke. Nikajaribu sindano nyembamba. Mwisho nikaweka kifumulio chini, nikamwambia Mama Chanda huyu mguu hautoki. Kisha nikachora shina la msonobari, nikalipitisha juu yake.

Ijumaa sikwenda Mayfair, nilisali hapahapa kati ya nyuzi, na nilishona majani matano matano hadi nikawa nayahesabu kwenye rakaa. Asubuhi ya Jumamosi tuliipeleka wenyewe Soweto, nyumbani kwa kina Lerato. Hema limesimama, vyungu viko motoni, shangazi zake wanaimba. Mama Thomas alikuwa amekaa kwenye gari la mwanawe, mlango wazi, mkoba uko mapajani. Hakuwa ameshuka.

Nikaifungua bendera mbele yake. Akatazama. Akahesabu majani ya kikonyo kimoja kwa kidole, kisha kingine, kisha cha tatu. Akashusha mkono kwenye gamba la kobe, akalipapasa. Akaupandisha kwenye shina. Hapo kidole kikasimama.

"Kuna kitu hapa chini."

Ningeweza kusema ni pamba ya kunyanyulia mshono, wateja wote huwa wanaamini. Lakini nilikuwa nimechoka, na niliona nimeshamkosea mama huyu vya kutosha kwa wiki moja.

"Ni mguu wake, mama," nikasema. "Mmoja. Ulikataa. Ningeendelea kuuvuta, kitambaa kingepasuka."

Thomas alikuwa amesimama nyuma yangu. Mama yake akaendelea kupapasa pale kwenye uvimbe, taratibu, hata sijui alikuwa anawaza miaka gani. Akamwangalia mwanawe, usoni, muda mrefu, kama anatafuta humo kitu anachokijua.

"Mwache," akasema. "Mtoto lazima awe na baba mahali. Ila akae hapo hapo chini ya mti. Asiingie ndani."

Akashuka garini, akanipa mkoba nimshikie. Akaichukua bendera mwenyewe, akaingia nayo getini, shangazi za Lerato wakampokea kwa vigelegele, na mimi nikabaki barabarani na mkoba wa kike wa zambarau hadi chakula kilipoiva.

Jumatatu nilichukua fomu ya Tannie, nikaipiga upya. Mstari wa kwanza, kama mjuavyo, sasa ni huu: mama yako nani, na mama yake nani? Baba anafuata. Wateja wananung'unika. Mzulu mmoja aliniuliza kama mimi ni polisi. Lakini wengi wakifika pale wanaweka kalamu chini, wanatazama dari, kisha wanaanza kusimulia, na nembo nzuri zote za miaka hii ya mwisho zilitokea hapo.

Basi mwezi uliopita, siku yangu ya kustaafu, mkaniletea keki, na chini ya sahani ya keki mkaweka fomu. Mkasema mnataka kunishonea ngao yangu, nijaze. Mama Chanda alikuwa nyuma yenu, anaimba kwa pua. Nikaandika: mama, Rukia. Kisha nikafika kwenye nusu ya pili ya mstari nilioutunga mwenyewe, na kalamu ikasimama. Mlidhani nimeguswa na keki. Nilisema macho yananisumbua, nitaijazia nyumbani.

Nyumbani kwangu, mtaa wa Observatory, nilikaa na karatasi ile siku nne. Naweza kuwatajia babu zangu kwa upande wa baba hadi wa saba. Mama wa mama yangu alifariki kabla sijazaliwa, na kwetu tulimwita marehemu bibi, basi. Siku ya tano nikampigia mama mdogo Zaina, Tanga, mdogo wake mama, ndiye pekee aliyebaki.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Nataka kuuliza jina la mama yenu."

Nikasikia kuku wake nyuma.

"Bakari, una miaka mingapi?"

"Sitini na sita."

"Na leo ndiyo unauliza."

"Kuna fomu, mama mdogo."

"Ewe Mola, hadi fomu." Akavuta pumzi. "Anaitwa Mwanaidi. Mwanaidi binti Saidi. Sindano ya mama yako ilitoka kwake, na wewe ikakujia. Kofia zake zilikuwa zinavaliwa mpaka Pemba. Mkali, kazi nzima alikuwa anakufumulisha kwa fundo moja. Ukimpelekea kofia haitazami nje. Anaigeuza kwanza, anapitisha kidole."

Nikamwomba arudie. Akarudia. Nililia, nasema wazi, na yeye akaningoja upande wa pili, akidhani mtandao umekatika.

Siku ile kwa Tannie Hester, kofia ile mkononi mwake, niliulizwa nani kanifundisha. Nimejibu vibaya miaka thelathini na minne. Fomu iko ndani ya bahasha hii, mistari yote imejaa. Simba sitaki, na kofia ya chuma sitaki. Nishoneeni kofia ya vitobo, katikati, kubwa, na kwa nyuma nisikute fundo hata moja. Kabla hamjaileta kwangu mpeni Mama Chanda aigeuze.